Kituo cha Maoni Namba Moja

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na kwa wasiohusika pia ili wasijione wametengwa, kwamba mwezi Julai mwaka 1947 Tarafa ya Shalikdanga, jimbo la Bengali, ilitekeleza kwa ufanisi usio na kifani Zoezi la Ukusanyaji, Uchambuaji na Uwasilishaji wa Maoni ya Raia Kuhusu Mpaka Tarajiwa. Nasema ufanisi kwa sababu mimi ndiye niliyelisimamia. Naitwa Bhupati Sarkhel, Karani Mkuu, miaka ishirini na saba kazini, na katika muda huo wote sijapoteza faili wala mwavuli.

Hali ilikuwa hivi. Waingereza walikuwa wanafunga virago, na kabla ya kuondoka walitaka kujua jimbo letu wakate wapi. Tulitumiwa fomu zenye visanduku. Kisanduku A: Bengali yote ibaki moja, iwe nchi yake yenyewe, isimfuate mtu. Kisanduku B: ikatwe vipande viwili, cha Wahindu wengi kibaki India, cha Waislamu wengi kiende Pakistani. Kisanduku C: jimbo zima liende Pakistani, pasipunguzwe hata dimbwi. Kisanduku D kiliandikwa Mengineyo, kwa ajili ya watu wenye matatizo yao binafsi.

Kwa kweli Bunge la jimbo lilikuwa limekwisha piga kura mwezi Juni, likaamua jimbo likatwe. Lakini fomu zilichapwa Mei na kutufikia Julai, na serikali haiwezi kutupa fomu eti kwa sababu swali limekwisha jibiwa. Nilimuuliza Mkuu wa Tarafa, Bwana Ames, Mwingereza mrefu aliyekuwa tayari amefungasha nusu ya vyombo vyake.

"Maoni ni kama homa, Sarkhel," alisema, akifungia sahani ndani ya gazeti. "Hata kama dawa imeshaandikwa, mgonjwa lazima apimwe."

Tukaanza kupima. Kwa siku mbili niliketi ofisini na wino mpya. Walikuja watu wawili. Mmoja alitaka kwinini. Wa pili alikuwa anakimbia mvua. Akaweka alama kisanduku D, akaandika "mvua", akaondoka ilipokatika. Ofisi haikuwa na chai, hilo ndilo lililokuwa tatizo la kimuundo. Kwetu mtu hatoi maoni pakavu.

Ndipo nilipomshauri Bwana Ames tuyafuate maoni kule yanakozaliwa, yaani dukani kwa Kalachand Modak, mtengeneza sandesh, zile peremende za jibini na sukari. Nje ya duka lake, chini ya paa la bati, kulikuwa na mabenchi mawili ya mfenesi yaliyotazamana, na kila alasiri watu walikuja pale kupiga gumzo, mimi nikiwamo, baada ya saa za kazi na mara nyingine ndani yake. Bwana Ames akaridhia. Nikabandika ubao: KITUO CHA MAONI CHA SERIKALI NA. 1. Kalachand akautazama, mikono imejaa sukari.

"Karani, hii maana yake mtaanza kuninyang'anya mabenchi?"

"Maana yake ni kwamba porojo zenu sasa zina hadhi ya kisheria."

"Basi waambie wasipige kelele," alisema. "Mimi sina hadhi, nina moto jikoni."

Kanuni ya mabenchi yale haijaandikwa popote, na ndiyo kanuni pekee katika tarafa yetu ambayo watu huifuata. Benchi moja hulipinga la pili. Ikitokea wote wamekubaliana, gumzo limekufa, na aliyeanzisha hoja ndiye aliyeliua. Huyo ni wajibu wake anyanyuke, ahamie benchi la mbele yake, ajipinge mwenyewe kwa moyo wote mpaka gumzo lifufuke. Hakuna anayeona haya kufanya hivyo. Aibu ni ya anayekataa. Huyo huitwa Kizibo mpaka mvua ziishe, hata na mke wake.

Nilikuwa naijua kanuni hiyo tangu ndevu zinaniota. Ajabu ni kwamba nilipovaa kofia ya Msimamizi wa Zoezi niliisahau kabisa.

Vinara wa mabenchi walikuwa wawili. Mwalimu Motahar alikuwa amestaafu kufundisha hesabu. Mwislamu, mwembamba, mpole kwa kila mtu isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa Nishikanto, daktari wa vile vidonge vidogo vya sukari, Mhindu anayeoga mara mbili kabla ya kula. Walikuwa wameketi wakitazamana kwa miaka thelathini.

Siku ya kwanza Mwalimu alianza. "Jimbo zima liende Pakistani. Mkilikata, samaki wa ilishi watapanda mto gani? Watajaza fomu?"

"Likatwe!" alijibu Daktari. "Leo leo! Mimi nimechoka kuishi nchi moja na wewe."

"Ukikatiwa kipande chako, nani atakaa na wewe? Wagonjwa wako? Wako wapi kwanza?"

"Wamepona!"

"Wamepona, au wamehamia kwa daktari?"

Niliandika: Motahar, C. Nishikanto, B. Nikafurahi, kazi imeanza vizuri. Kesho yake Mwalimu alikuwa anataka jimbo likatwe, na Daktari anasema ni dhambi kulikata. Siku ya tatu mvua ilinyesha, Kalachand akakaanga bajia za biringani, watu wakashiba, na Daktari akasema taratibu, akijilamba vidole, kwamba kwa kweli ingefaa Bengali ibaki moja, tukae hivihivi. Watu wote kumi na tisa wakasema ndiyo.

Kimya kikashuka. Nilimsikia nzi akitembea juu ya karatasi yangu.

Daktari akashusha pumzi, akanyanyuka, akahama benchi. "Haya basi," alisema. "Jimbo zima liende Pakistani, nami nitawaeleza kwa nini." Akaeleza saa nzima. Mhindu yule aliitetea Pakistani kwa ufasaha ambao sijawahi kuusikia hata kwa walioibuni. Mwalimu Motahar alifuta machozi, akashika mkono wa rafiki yake, kisha akaniambia nimwandike B, maana mtu mmoja lazima ampinge.

Kufikia siku ya sita nilikuwa na fomu mia nne na kumi na mbili, zilizotiwa saini na watu kumi na tisa. Nilizichambua kitaalamu. Asilimia mia moja na nne ya raia walitaka jimbo likatwe. Asilimia mia moja na tisa walitaka lisikatwe kabisa. Bwana Ames alizipitia huku amekalia sanduku ili lifungike.

"Sarkhel, huyu Nishikanto ametaka nchi tatu tofauti, mbili kati ya hizo mara kumikumi."

"Ndiyo, bwana. Jumapili alipumzika."

Bwana Ames hakucheka. Alifungua kitabu cha taratibu, akanionyesha Kanuni ya Kumi na Nne: pale ambapo maoni ya watu wa kawaida yanagongana, yatazingatiwa maoni ya watu wenye heshima na mali, yakitolewa hadharani mbele ya raia wasiopungua kumi na kutiwa saini. Tarafa yetu ilikuwa na watu wawili tu wenye sifa hizo. Nao walikuwa tayari wako sebuleni kwa Bwana Ames, wameingia kwa mlango wa nyuma.

Wa kwanza alikuwa Rai Bahadur Digindra, mwenye ardhi yote ya kaskazini mwa Barabara ya Halmashauri. Wa pili alikuwa Khan Bahadur Tofazzal, mwenye ardhi yote ya kusini. Ubahadur walipewa na Waingereza kwa kutowasumbua. Hadharani watu hawa walikuwa paka na panya: mmoja akiipigia debe India, mwingine anaipigia debe Pakistani, na vijana wao wanarushiana matope. Siku ile niliwakuta wamekalia kochi moja wakimenyeana machungwa.

"Mpaka upite barabarani," alisema Rai Bahadur, akiweka kidole juu ya ramani. "Kaskazini yangu iwe India."

"Na kusini yangu iwe Pakistani," alisema Khan Bahadur. "Kila mtu abaki kwake. Haki bin haki."

"Barabara imenyooka," alisema Bwana Ames, akaitazama kwa mapenzi. "Mimi napenda kitu kilichonyooka. Sarkhel, shika rula."

Nikaishika rula. Ndiyo, mimi. Mstari mwekundu ukapita katikati ya mji wetu, na mimi nikiwa nimebonyeza rula kwa kidole gumba isiteleze. Iliamuliwa kwamba kesho saa kumi alasiri Mabahadur watafika Kituo Namba Moja, kila mmoja kwa njia yake, kutoa maoni yao rasmi. Kisha faili litakwenda Kalkuta kwa tume ya mpaka.

Nilitoka pale nikaelekea dukani. Duka la Kalachand lilikuwa kaskazini mwa barabara. Kusini mwake, hatua ishirini tu, ulikuwa mtaa wa wafugaji, na humo mlikuwa na Moyna Bibi, mjane wa Kiislamu mwenye ng'ombe tisa na ulimi wa kumi. Kila alfajiri kwa miaka kumi na sita Moyna Bibi alivuka barabara ile na jibini laini ndani ya kitambaa kibichi, Kalachand akaifinyanga kuwa sandesh kabla jua halijapanda. Jibini ile, joto la Julai, saa sita mchana imechacha. Mpaka una kituo, kituo kina askari, askari ana muhuri, na muhuri huamka saa unayotaka wenyewe.

Nilimweleza Kalachand jikoni kwake. Aliacha kukoroga.

"Nchi nyingine? Pale penye ndoo zake?"

"Kwa mujibu wa ramani, ndiyo."

"Karani, jibini haina subira ya kusubiri muhuri! Nitapika nini mimi? Nitawauzia watu majivu?" Alikaa chini palepale kwenye kuni. "Baba yangu alifia kwenye sufuria hii. Mimi sijui kazi nyingine. Sijui hata kukaa bure."

Moyna Bibi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha. "Kwa hiyo wale mabwana wawili wanaotukanana kila Ijumaa," alisema, "wamegawana sisi kama mbuzi wa sherehe. Na wewe, Karani, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo kwa wadhifa wangu."

"Ulifanya nini?"

"Nilishika rula."

Nitasema wazi, kwa kuwa waraka huu haupiti kwa mkubwa yeyote: niliona aibu. Sandesh ya duka lile imo ndani ya mwili wangu tangu nikiwa na meno ya utoto, na nilikuwa nimebonyeza rula vizuri kabisa.

"Huyo Rai Bahadur," Moyna Bibi aliuliza, "si ndiye yule wa medali?"

"Ya dhahabu. Aliipata kwa mdahalo, chuoni Kalkuta. Huivaa hata msibani."

"Basi sikilizeni. Kesho akisema mpaka upite barabarani, mtu asimpinge. Wote semeni ndiyo. Mwambieni Mwalimu, mwambieni na yule wa vidonge. Atakayefungua mdomo kubisha hatapata maziwa mpaka afe."

Daktari Nishikanto alipoambiwa aliugua kwa dhati. "Nikubali? Mwanzo mpaka mwisho? Mbele ya Motahar?" Ilibidi anywe vidonge vyake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla.

Kesho yake saa kumi Mabahadur wakafika, mmoja kutoka kaskazini, mwingine kutoka kusini, kila mmoja na mshika mwavuli wake, wakasalimiana kwa chuki ya kupendeza. Rai Bahadur aliketi benchi moja, Khan Bahadur la pili. Nikatangaza kikao kimefunguliwa. Rai Bahadur akasimama, medali ikamemeta.

"Ndugu wananchi! Baada ya kukesha kwa ajili yenu nimeona kwamba mpaka wa haki, wa amani, wa maendeleo, ni Barabara ya Halmashauri."

"Kweli kabisa," alisema Mwalimu Motahar.

"Naafiki," alisema Daktari Nishikanto, jasho likimtoka.

"Kweli! Kweli!" walisema wengine kumi na saba.

Na Khan Bahadur, aliyekuwa anawaza machungwa, akasahau kwamba yeye ni mpinzani. "Naunga mkono," akasema.

Kimya. Kimya kizito, kirefu, cha kisheria. Watu wote walikuwa wanalitazama benchi la mbele, kisha Rai Bahadur, kisha benchi.

"Nini?" aliuliza Rai Bahadur. "Mbona mnanitumbulia macho?"

Mwalimu Motahar alimweleza kanuni kwa adabu zote, na adhabu ya Kizibo kwa adabu zaidi.

"Mimi? Nijipinge mimi mwenyewe? Upuuzi mtupu!"

"Hamna neno, Mheshimiwa, usijisumbue," alisema Daktari. "Si jambo la kila mtu. Bila shaka ile medali ilikuwa ya upande mmoja."

Nilimwona Rai Bahadur akiwekewa mtego na nilimwona akiutazama. Angeweza kwenda nyumbani. Lakini nyuma ya umati, kando ya ndoo ya maziwa, sauti ya mwanamke ilisema polepole, "Kizibo huyo." Mtu fulani akacheka. Rai Bahadur akaivua shali yake, akampa mshika mwavuli, akahama benchi.

Jamani, mtu yule alikuwa anajua kusema! Kwa saa mbili na nusu aliipiga ile barabara mpaka nikaionea huruma. Alisema barabara ni kitu cha Halmashauri, na Halmashauri yenyewe haijui inaanzia wapi. Alisema mpaka wa barabarani utakanyagwa na ng'ombe, utachimbwa na magari, na baada ya miaka miwili India itakuwa imejaa mashimo ya Pakistani. Alimtaja mjane na jibini yake, akalia kidogo, tukalia naye. Halafu, kwa kuwa msemaji mzuri habomoi tu bila kujenga, akanyoosha mkono kuelekea mashariki.

"Kwa nini tuchore, hali Mungu ameshachora? Upo Mkondo wa Kale! Mto uliuacha miaka mia moja iliyopita, mkavu, wazi, hauna duka, hauna kibanda, hakuna maskini hata mmoja anayeishi kando yake!"

Hilo lilikuwa kweli. Mkondo wa Kale hupita nyuma ya jumba lake na nyuma ya jumba la Khan Bahadur, na maskini hawaruhusiwi kusogelea. Umati ukalipuka. Watu walirusha mitandio juu. Kalachand alitoka na sinia zima la sandesh, hakumbagua mtu.

Khan Bahadur alikuwa amenuna. Hajawahi katika maisha yake kupigiwa makofi namna ile. "Si mbaya," alisema kwa sauti, "lakini ameacha hoja tano za maana." Akapanda juu ya benchi akazitaja, kisha akaongeza nyingine tatu, na kwa kadiri ninavyokumbuka aliuita Mkondo wa Kale "mshono wa mbinguni". Makofi yake yalikuwa marefu zaidi. Niliyapima kwa saa yangu kwa sababu waliniomba wote wawili.

Mimi nilikuwa nimeandika kila neno, kama wadhifa unavyodai. Nikamsomea Rai Bahadur maelezo yake. Alifumba macho akayasikiliza kwa raha, akasahihisha mkato mmoja, na pale nilipoandika kwamba mpaka upite Mkondo wa Kale aliongeza kwa mkono wake neno "milele". Akatia saini. Khan Bahadur alipoona mwenzake ametia saini, alitia yake kubwa zaidi. Si kazi ya karani kumkumbusha mtu mzima ni yapi kati ya maoni yake ndiyo maoni yake. Nikapiga muhuri, na jioni ileile faili likapanda treni.

Asubuhi walifika ofisini wakikimbia. Rai Bahadur alikuwa amevaa kandambili za kushoto zote mbili. Inaonekana alimsimulia mkewe hotuba yake wakati wa kifungua kinywa, na mkewe, aliyekuwa msikilizaji makini, alimuuliza swali moja tu.

"Sarkhel, rudisha faili lile!"

"Waraka uliokwisha pokelewa, Mheshimiwa, hauwezi kutopokelewa."

"Tunafuta maoni yetu," alisema Khan Bahadur.

"Inawezekana kabisa. Ipo Fomu ya Kujitoa Katika Maoni. Inahitaji saini ya Mkuu wa Tarafa."

"Mwite basi!"

"Ameondoka na treni ya saa moja na dakika kumi, na masanduku kumi na moja. Harudi."

"Nani ameshika nafasi yake?"

"Bado hajateuliwa. Haijajulikana ni nchi gani itamteua."

Walitazamana. Kisha, kwa mara ya kwanza mbele ya mashahidi, Rai Bahadur na Khan Bahadur waligombana kweli, kwa makosa ya kweli, na nikawaomba wahamie ukumbini kwa sababu ofisi ilikuwa na kazi.

Agosti ikafika. Uhuru ulitangazwa kabla ya mpaka, jambo la kawaida kiutaratibu, na kwa siku tatu hatukujua tumekuwa huru wapi. Nilikuwa na bendera mbili katika droo moja. Siku hizo sitazifanyia mzaha. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wameuana Kalkuta mitaa kwa mitaa, na kila jioni habari mbaya ilishuka na abiria wa treni. Mwalimu Motahar hakuja kwenye mabenchi siku mbili. Siku ya pili Daktari Nishikanto alimfuata kwake akakaa sebuleni kwa yule rafiki yake mpaka usiku ukaisha, wakibishana kwa sauti ya chini. Niliogopa. Kila mtu aliogopa.

Tarehe kumi na saba mpaka ukatangazwa. Ulipita Mkondo wa Kale, mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaosema hakuna mtu Kalkuta aliyelifungua faili letu, na kwamba yule wakili Mwingereza aliyetumwa kuchora alifuata tu alama ya buluu aliyoikuta kwenye ramani kuukuu. Mimi sibishani nao. Nasema tu kwamba muhuri wangu ulikaa vizuri sana. Mji wote, kaskazini na kusini mwa barabara, ulibaki India. Khan Bahadur, aliyekuwa amekwisha shona koti la uwaziri wa Pakistani, aliamka Mhindi, na maghala yake ya mpunga yakaamka ng'ambo.

Alfajiri iliyofuata nilikuwapo barabarani, si kwa wadhifa. Moyna Bibi alitoka na jibini yake. Alifika katikati ya barabara akasimama, akatazama huku na huku, akasubiri kama kuna mtu atamuuliza kitu. Hakuna aliyemuuliza.

"Kumbe ni barabara tu," alisema, akavuka. Kalachand alipokea kitambaa kile kwa mikono miwili, akageukia moto haraka akasema moshi umemwingia machoni. Nilikula sandesh nne zikiwa moto.

Lakini shughuli za ofisi hazikuisha. Wiki mbili baadaye Rai Bahadur aliomba kuniona faragha. Aliketi kwa taabu, nusu ya tako.

Suala lenyewe lilikuwa la kiufundi. Babu yake, mtu wa dini sana, hakutaka uchafu ukaribiane na hekalu la ukoo lililo uani. Kwa hiyo alijenga choo cha jumba, choo kizuri cha matofali, madirisha ya vioo vya rangi, ng'ambo ya Mkondo wa Kale, na daraja dogo la kukifikia. Hatua arobaini. Sasa jumba lilikuwa India na choo kilikuwa Pakistani. Kwenye daraja kulikuwa na askari wawili waliotoka mbali, wasiomjua yeye wala babu yake. Kujenga kingine uani, mbele ya miungu, hakungewezekana mpaka makuhani watano wakae na kukubaliana, na watatu kati yao walikuwa wamebaki ng'ambo.

"Nimeishi pale miaka hamsini na nane," alisema. "Tumbo langu halijui mambo ya serikali."

"Serikali inakuelewa, Mheshimiwa. Kipo Kibali cha Safari za Kurudiarudia." Nikachovya kalamu. "Nchi uendayo?"

"Unaijua!"

"Pakistani. Madhumuni ya safari?"

Aliinama akaninong'oneza.

"Tutaandika 'binafsi'. Mizigo?"

"Kopo la maji."

"Litarudi?"

"Litarudi, ndiyo!"

"Likiwa na maji, au bila?"

"Bila, Sarkhel! Bila!"

"Basi itabidi tutaje kwamba maji yanabaki kule, askari wa forodha wasije wakauliza." Niliandika, nikakausha wino, nikampa. "Safari njema. Daraja linafunguliwa saa mbili asubuhi, linafungwa saa kumi jioni. Ijumaa mwisho saa sita."

Alikisoma kibali mpaka chini. Kisha akainua macho, na sijawahi kuona mtu mwenye heshima na mali akinitazama kwa unyenyekevu kama ule.

"Na usiku je, Sarkhel?"

"Usiku, Mheshimiwa, nchi imefungwa."